Gari la Damaris Liko Wapi?

Wiki jana tulimwacha Damaris Robi kwenye lango la yadi ya Jicho la Ziwa Motors, Homa Bay, mlinzi akimwambia neno ambalo hakulitarajia: "Mama, hiyo gari yako haiko hapa."

Kwa aliyekosa gazeti, habari ni hii. Damaris ni mpishi wa sherehe mjini Migori. Iwe harusi, matanga au mahafali, ukimwita anakuja na masufuria yake, na watu wanaondoka wameshiba. Alikopa kwenye sacco akanunua van mpya kabisa kwa Jicho la Ziwa, nailoni bado iko kwenye viti, waranti ya miaka mitatu mkononi. Van ikafa mlimani karibu na Rongo ikiwa imejaa chakula cha harusi. Ikatengenezwa, ikafa tena. Mara ya tatu mumewe, Javan, aliivuta hadi Homa Bay mwaka ulipoanza, na tangu hapo wimbo ukawa mmoja: spea iko njiani.

Wateja wakahamia kwa wapishi wengine. Deni la sacco halikuhama. Damaris akachoka, akaenda mahakamani kudai fidia ya miezi yote aliyokaa bila gari. Huko wakamwambia yeye na kampuni waanze na mpatanishi. Kikao kikapangwa Alhamisi.

Sasa turudi langoni.

"Kama haiko hapa, iko wapi?" Damaris aliuliza.

Mlinzi aliangalia viatu vyake. "Mimi nafungua lango tu, mama. Sitaki maneno."

Kabla hajabanwa zaidi, meneja alitokea mikono wazi kama mtu anayempokea dada yake aliyepotea. Huyu ndiye Okemwa, mwenye mwili mkubwa na marashi makali, na sauti ya kubembeleza ambayo Damaris alikuwa ameisikia kwenye simu mpaka akaiota.

"Mama Damaris! Mbona wamekuacha juani? Leteni soda hapa!"

"Sitaki soda. Nataka kuona gari yangu."

"Iko barabarani inajaribiwa. Injini mpya imeingia juzi. Au ulitaka tukupe gari ambayo haijajaribiwa, izime tena mlimani?"

Damaris alimsogelea. "Injini imefika?"

"Imefika. Na Alhamisi tunakuja kumaliza hii maneno. Utapata gari yako, utapata na kitu cha kukufuta machozi. Sisi si wanyama, mama."

Damaris akakaa. Akainywa ile soda. Baadaye alikuja kujichukia kwa sababu ya soda ile kuliko kwa jambo lingine lolote.

Alipofika nyumbani alimpigia Irine.

Irine alikuwa msaidizi wake jikoni. Kazi ilipokufa alirudi kwao Oyugis, sasa anapika chapati karibu na stage ya matatu. Damaris alitaka kumwambia ajiandae, masufuria yataanza kuchemka tena.

"Inajaribiwa na nani, madam?" Irine aliuliza.

"Na mafundi wao, si nimekwambia."

Irine aliepua chapati. Kisha: "Madam, mimi hiyo gari nimeiona hapa. Tena si mara moja. Inapita imejaa viti na mahema, inaelekea Kendu Bay."

"Van ziko nyingi, Irine."

"Ziko nyingi. Lakini yenye kovu la sufuria kwenye mlango wa nyuma ni moja. Si ni mimi niliigonga? Si ulinikata mshahara?"

Damaris aliikaza simu sikioni.

"Nani anaendesha?"

Irine alikohoa. Akakohoa tena.

"Jumamosi kuna mazishi kubwa Kendu Bay. Nenda uone na macho yako. Mimi mdomo wangu umekataa."

Jioni hiyo Damaris alimwambia mumewe kwamba anataka amsindikize Kendu Bay mwisho wa wiki. Hakumwambia sababu. Na kwa nini asimwombe? Kendu Bay ndiko kwao Javan.

"Wikendi hii haiwezekani, Robi," Javan alisema akivua viatu. "Unajua niko Kisumu. Tunamwaga slabu."

Ni kweli. Tangu Pasaka, Javan alikuwa na kibarua cha usimamizi wa ujenzi Kisumu, kila wikendi. Damaris alimshukuru Mungu kwa kibarua kile mara nyingi, maana ndicho kilichokuwa kinaleta unga.

Akaenda peke yake.

Pale mazishini aliyaona mahema kutoka barabarani. Watu walikuwa wengi, spika zinalia, wapishi wanakimbizana na masufuria ambayo hayakuwa yake. Damaris hakwenda kwa waombolezaji. Alizunguka moja kwa moja hadi nyuma ya jikoni, mahali ambapo mpishi yeyote huegesha gari lake.

Lilikuwepo.

Maandishi ya Robi Caterers yaliyochorwa kwa rangi ya machungwa yalikuwa yamefunikwa na stika kubwa ya bluu ya kukodisha mahema. Lakini kovu la sufuria lilikuwa pale pale. Damaris aliligusa. Injini ilikuwa bado ina joto.

Ndipo akasikia kicheko.

Kuna vicheko mtu hawezi kuvikosea hata akiwa amefumba macho. Hiki alikuwa amelala nacho kitanda kimoja kwa miaka. Aligeuka, akamwona Javan anakuja amebeba viti begani, kofia mpya kichwani, ufunguo unaning'inia kwenye kidole. Nyuma yake mtu anaita, "Bosi! Bosi, hii meza iende wapi?"

Javan alimwona mkewe. Viti vikashuka vyenyewe.

"Robi."

"Slabu imemwagwa vizuri?"

"Robi, si hapa. Tafadhali. Kuna maiti."

"Ni mimi sijui kuna maiti? Javan, hii ni gari yangu!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Wanawake wa jikoni waligeuka. Na miongoni mwao alitokea mtu wa mwisho ambaye Damaris alitaka kumwona siku hiyo: Zilpah, mama yake Javan, kanga kiunoni, mwiko mkononi.

"Nyar Kuria," mama mkwe alisema. Hakuwahi kumwita jina lake tangu aolewe, siku zote ni binti wa Wakuria. "Umetoka Migori kuja kutuaibisha mbele ya marehemu?"

"Mama, samahani. Lakini hii gari—"

"Hii gari ni ya mwanangu. Kila Jumamosi inamleta kwangu. Imenijengea jikoni ya mabati. Wewe na gari yako ulinijengea nini?"

Wanawake wakacheka kidogo, wakaficha midomo.

"Mama, mimi ndiye nililipa—"

"Na wewe ulilipwa na nani? Si ng'ombe zetu zilienda kwenu Kehancha? Na hata mtoto hujatupatia." Zilpah alisema hayo kwa upole kabisa, kama anayemkumbusha mtu bei ya chumvi. Kisha akarudi kwenye sufuria lake.

Javan alimshika mkewe mkono akamvuta hadi nyuma ya zizi. Pale, katikati ya harufu ya samadi na sauti ya mhubiri, mambo yakatoka.

"Ilitengenezwa lini?" Damaris aliuliza.

"Kabla ya Pasaka."

Damaris alikaa chini.

"Okemwa ndiye alinipigia," Javan akasema. "Akaniambia gari imepona, lakini kuna njia sisi sote tunaweza kula. Nikiichukua kimya kimya, yeye atakuwa anakwambia spea haijafika. Mimi naikodisha huku wikendi, yeye namkatia chake. Siku za kazi inalala kwa mtu wangu Oyugis."

"Na mimi ninapiga simu kila siku. Nalia."

"Unalia, ndio."

"Unaniona nikilia. Unaniletea kitambaa."

Javan alivua kofia. Kisha akasema jambo ambalo lilimuuma Damaris kuliko wizi wenyewe.

"Unajua Migori wananiita nani? Dereva wa Robi. Tukifika harusini unapaza sauti mbele ya watu: Javan, leta sufuria! Javan, geuza gari! Wazee wa kwetu wanakaa pale wananitazama. Hapa nikishuka kwa hiyo gari wananiita bosi. Nilitaka tu kuonja kidogo. Halafu nikashindwa kuacha."

Akaanza kulia. Mwanamume mzima, kofia mpya mkononi, kamasi inatiririka. Akapiga magoti kwenye samadi.

"Nisamehe. Alhamisi nitakuja kwa kikao. Nitasema yote tuliyofanya mimi na Okemwa. Hata wakinifunga. Gari tuiache hapa mpaka siku hiyo, iwe ushahidi. Nakuapia kwa kaburi la baba."

Damaris alimtazama. Ningependa kuwaambia kwamba alimtemea mate akaondoka. Hakufanya hivyo.

Kuna jambo ambalo hakuwahi kulitia katika madai yake. Siku ile ya harusi, van ilipozima mlimani Rongo, ilianza kurudi nyuma. Javan alikuwa ameshika usukani anapiga kelele, "Sukuma! Sukuma, Robi, chakula kinaenda!" Na Damaris, mwenye mimba ambayo walikuwa wameisubiri tangu ndoa yao ikiwa changa, alitia bega akasukuma. Alisukuma mpaka akahisi kitu kinakatika ndani. Kabla maharusi hawajakata keki, alikuwa hospitalini, na hakukuwa na mimba tena.

Waliojua ni wao wawili tu. Kwenye madai alitaja chakula kilichoharibika, alitaja wateja. Hilo hakulitaja. Hakujua mtu anawezaje kulisema chini ya neno hasara.

Javan alilia naye siku ile hospitalini. Kwa hiyo sasa, alipomwona analia tena, Damaris alidhani ni machozi yale yale.

"Inuka," alimwambia. "Alhamisi uje umevaa vizuri."

Jumatano Irine alipiga simu. "Madam, nifunge jiko nije kesho? Niseme nilichoona?"

"Usijisumbue. Mume wangu atasema mwenyewe."

Irine aliuliza mara mbili kama ana hakika.

"Sawa, madam," alisema mwishowe.

Alhamisi ikafika. Kikao kilikuwa kwenye chumba kidogo Homa Bay, meza moja, dirisha moja linalotazama stendi. Mpatanishi aliitwa Bi. Kemuma, mwanamke wa makamo mwenye miwani na sauti ya chini. Aliwaomba wote waongee kwa heshima na bila haraka.

Javan alikuja. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi. Alikaa upande wa mkewe, akamshika mkono chini ya meza. Mkono ulikuwa na jasho, na Damaris akaubana ili kumtia moyo.

Okemwa alianza kwa niaba ya kampuni.

"Madam, sisi hatujachelewesha gari ya mtu. Tuliitengeneza kama waranti inavyotaka, na kabla ya Pasaka tukaikabidhi kwa familia. Hii fidia ya miezi yote tunadaiwa, hata hatuelewi inatoka wapi."

Damaris karibu acheke. Mtu huyu amejifunga mwenyewe!

"Familia ni nani?" Bi. Kemuma aliuliza.

"Mume wake. Si huyu hapa."

"Ni kweli alichukua," Damaris akarukia. "Muulize kwa nini mimi sikuambiwa. Muulize, madam. Atakwambia yeye mwenyewe."

Bi. Kemuma alimgeukia Javan. "Karibu, Bwana Javan."

Javan alikohoa. Chini ya meza, mkono wake ukateleza ukatoka.

"Ni ukweli, mheshimiwa. Gari niliichukua. Nikaileta nyumbani."

"Na mkeo alijua?"

"Alijua. Aliiona. Alifurahi sana siku hiyo." Alivuta pumzi. "Shida, mheshimiwa, na si kitu rahisi kwa mwanamume kusema mbele za watu... shida ni kwamba mke wangu hayuko sawa."

Damaris alidhani hakusikia vizuri.

"Tangu ile mimba yetu itoke, anasahau vitu. Unamwambia jambo asubuhi, jioni hakumbuki. Anaamka anaongea na masufuria. Jumamosi alikuja kwetu Kendu Bay akafanya fujo kwenye mazishi, mama yangu ni shahidi, kijiji kizima ni shahidi. Nimevumilia. Ni mke wangu, nitamtupa wapi?"

"Javan!"

"Mnaona?" Javan alisema kwa huzuni.

Bi. Kemuma alivua miwani. Uso wake ulilegea, ukajaa huruma. Ni huruma ile iliyomwua Damaris. Chuki angeweza kupambana nayo.

"Bi. Damaris, ni kweli ulipoteza mimba?"

"Ndiyo, lakini—"

"Pole sana. Pole kweli. Na ulipata mtu wa kuongea naye? Daktari, mshauri?"

"Niliipoteza nikisukuma hiyo gari yao! Mlimani, Rongo! Na huyu akiwa ameshika usukani, ananiambia nisukume!"

Alikuwa amesimama. Alikuwa anapiga kelele, kitambaa cha kichwa kimemtoka. Na hata yeye mwenyewe, katikati ya maneno yake, alisikia jinsi yanavyofanana na maneno ya mtu ambaye hayuko sawa.

Okemwa alitikisa kichwa polepole. "Mama, pole. Lakini hili halikuwa kwa madai yako. Mbona linatokea leo?"

Angewaambia nini? Kwamba aliona aibu? Kwamba alitaka kitu kimoja maishani mwake kisiguswe na mikono ya watu hawa? Alikaa. Alimtafuta Irine mlangoni, kisha akakumbuka ni yeye aliyemzuia.

Nje, makanga alikuwa anaita abiria wa Rongo.

"Basi," Bi. Kemuma alisema. "Kama gari ilirudi kwa familia kabla ya Pasaka, sioni tutaidai vipi kampuni kwa kuchelewa. Hayo mengine ni ya nyumba yenu, na ningewashauri mpate msaada."

Okemwa alianza kupanga karatasi zake. Javan alipangusa jasho.

"Lakini kabla hatujaachana," Bi. Kemuma akaendelea, "mimi napenda mtu atoke hapa na kitu mkononi. Huyu mama ana kazi yake ya upishi. Bwana Javan, umesema gari iko nyumbani. Mpe mkeo ufunguo sasa hivi, mimi nikiona. Kesho aanze kazi."

Lilikuwa ombi dogo, la heshima, la mtu mwema. Javan alitia mkono mfukoni. Mkono ukatoka mtupu. Akautia mfuko wa pili.

"Umeuacha nyumbani?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Uko wapi?"

Javan alitazama meza. "Gari... haiko tena. Iliuzwa."

"Iliuzwa na nani?"

"Na mimi. Juzi. Kwa watu wa ng'ambo ya Sirari. Imeshavuka, iko Tanzania."

Damaris hakulia. Alishangaa mwenyewe kwamba halii. Alifikiria sacco, ambao wangeendelea kumkata kwa gari linalobeba mizigo ya watu wengine katika nchi nyingine. Aliona waziwazi kwamba mtu aliyepiga magoti kwenye samadi Jumamosi alikuwa anatafuta muda wa kumaliza biashara na mnunuzi aliyekwisha kumpata.

Kiti kilianguka kwa kishindo. Hakikuwa cha Damaris.

Okemwa alikuwa amesimama, shingo imevimba, sauti ya kubembeleza imemtoka yote.

"Umeuza? Javan, umeuza gari yetu? Juzi tumekaa mimi na wewe, tumekula samaki sahani moja, na hukuniambia umeuza gari yetu?"



Okemwa mwenyewe alisikia alichokisema. Alitazama mdomo wa Bi. Kemuma, kisha kalamu yake, kisha akaanza kuinua kiti chake taratibu, kama mtu anayetumaini kwamba kiti kikirudi mahali pake, na maneno yatarudi.

"Yenu?" Bi. Kemuma aliuliza.

"Nilimaanisha... ya mteja. Ni namna ya kuongea."

"Rudia, Bwana Okemwa."

Aliyesema hivyo alikuwa Damaris. Alikuwa ameokota kitambaa chake, anakifunga kichwani bila haraka, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko ya mpatanishi.

"Mimi si niko na shida ya kusahau? Rudia basi, taratibu, ili wengine wanisaidie kukumbuka. Ni gari yenu, wewe na nani?"

Okemwa alifungua mdomo. Javan alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango, na upande wa pili wa mlango ule mtu alikuwa anabisha. Tukutane wiki ijayo.